Kutoa gia mteremkoni hakuokoi mafuta

Madereva wengi wa Kigoma, hasa wanaoshuka kutoka milima ya Manyovu kuelekea ziwani, huamini kwamba kutoa gia kwenye mteremko huokoa mafuta. Imani hiyo si sahihi, na kwa gari lenye malazi, ambalo pamoja na vitanda, jiko na tangi la maji huweza kuzidi tani 3, ni ya hatari. Katika injini za kisasa zenye nozeli (vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya injini) zinazoongozwa na kompyuta, dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na mafuta hukatwa. Gia ikitolewa, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Tena uzito wote huachiwa breki. Diski hupata moto, harufu kali ya kuungua huingia ndani ya gari, mafuta ya breki huchemka na kufanya mapovu, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila mwendo kupungua. Nawasihi wenzangu: ingizeni gia namba mbili au tatu kabla mteremko haujaanza, kisha mkanyage breki kwa vipindi vifupi, mkiziacha zipoe.