Acheni kuniandikia "kiburi"

Wiki hii nimerudisha rundo jingine la insha kuhusu akina baba katika tanzia za kale, yaani tamthilia zinazoishia kwa maangamizi, na wino mwekundu umeniishia kwa neno moja. Oedipus? Kiburi. Creon? Kiburi. Theseus? Kiburi. Mfalme Lear? Kiburi, pamoja na uzee. Mwanafunzi mmoja aliwapanga wote wanne katika aya moja akahitimisha kwamba "dosari yao ni kiburi". Sasa kama wote wanaumwa ugonjwa mmoja, unalinganisha nini?

Najua dhana hii inakotoka. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, katika sura ya 13 ya kitabu chake cha ushairi, anasema nguli wa tanzia awe mtu wa kati, si mwema kupindukia wala si mwovu, na aangushwe na hamartia, neno la Kigiriki la kukosea. Vitabu vya mitihani vikalifanya neno hilo "dosari", na dosari ikishaingia darasani inageuka tabia mbaya. Lakini Aristotle mwenyewe, palepale, anasema mtu huyo haangushwi na uovu. Tena kitenzi kilichozaa neno hilo Wagiriki walikitumia hata kwa mkuki uliorushwa ukapita pembeni.

Sisi tunacho kitenzi cha namna hiyo. Mwindaji amemkosa paa. Mtoto amemkosea baba. Mzizi ni mmoja: shabaha iliyopotea na kosa alilotendewa mtu. Msomaji wa Kiswahili alipaswa kuwa wa mwisho kujikwaa hapa, lakini ndiye anayeniandikia "kiburi" kila muhula.

Na wale wanaoleta hubris, neno la Kigiriki ambalo huwa tunalitafsiri "kiburi", kama ushahidi, basi wajue kwamba Athene lilikuwa hata neno la mahakamani. Mtu aliyempiga mwenzake ili kumfedhehesha aliweza kushtakiwa kwalo. Halikuhusu tu mtu anayejiona.

Tumchukue Oedipus, mfalme wa Thebes katika tanzia za Mgiriki Sophocles. Anaambiwa atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Anafanya nini? Anaikimbia Corinth, ili Polybus na Merope, anaoamini ndio wazazi wake, wasipatwe na balaa kupitia mkono wake. Hiyo mnaiita kiburi? Huyo ni mtoto anayewakinga wazazi. Kwenye njia panda mzee aliye garini anamchapa kichwani, naye anamuua. Hasira ipo, sikatai. Ila hata angekuwa mpole kama njiwa, bado asingejua yule ni Laius, baba yake wa damu. Miaka mingi baadaye, kipofu na mkimbizi kule Colonus, anajitetea kwa maneno ambayo wakili yeyote angeyatumia: nilishambuliwa, na sikujua. (Kisingizio cha lugha hakipo. Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi, ipo tangu 1971.)

Creon, mfalme wa Thebes katika Antigone ya Sophocles, ndiye anayewachanganya zaidi, kwa sababu kweli ana shingo ngumu. Amekataza maiti ya Polynices izikwe, na anamhukumu kifo Antigone, dada wa marehemu na mchumba wa Haemon, kwa kumzika. Mwanawe Haemon anamjia kwa adabu, anamwambia mti unaoinama kwenye mafuriko ndio unaobaki na matawi yake. Baba anauliza kama watu wa umri wake wafundishwe na kijana wa umri ule. Haya, wekeni alama. Lakini insha zote huishia hapo, wakati Creon baadaye anakubali! Mwaguzi kipofu Tiresias anamtisha, Creon anatetemeka, anaiuliza korasi afanye nini. Korasi inamjibu kwa mpangilio ulio wazi: mtoe binti pangoni alikofungiwa, kisha umzike aliyeachwa bila kaburi.

Creon anaanza na maiti. Mjumbe anasimulia hatua kwa hatua: waliomba dua, wakayaosha mabaki ya Polynices, wakayachoma kwa matawi mabichi, wakainua kilima cha udongo. Ndipo wakaelekea pangoni. Antigone ameshajinyonga, na Haemon amemkumbatia kiunoni. Anamtemea baba yake mate, anachomoa upanga, anamshambulia. Baba anakimbia, upanga unamkosa. Kijana anaugeuza na kujichoma ubavuni.

Niambieni kiburi kiko wapi kwa mtu aliyekwisha kunyenyekea na kukimbilia kutengeneza alichoharibu. Alitanguliza aliyekufa, akamchelewa aliye hai. Labda hata angeanza na pango angechelewa tu, lakini Sophocles hakumpa mjumbe mpangilio ule kwa bahati mbaya.

Theseus naye, katika Hippolytus ya Euripides, anarudi nyumbani, anamkuta mkewe Phaedra amejinyonga, na mkononi mwake kuna kibao cha maandishi kinachomtuhumu Hippolytus, mwana wa Theseus, kwamba alimnajisi. Ushahidi wenyewe unaonekana mzito. Anamlaani mwanawe kabla hajamsikiliza, na laana alizopewa na Poseidon, mungu wa bahari, hazirudishwi. Kijana anaomba viapo vipimwe, waaguzi waulizwe, muda utoe ushahidi. Baba hana muda.

Dawa yangu ni moja, na wanafunzi wamechoka kuisikia: usiniandikie kivumishi, niandikie kitenzi. Oedipus alikimbia. Creon alianza na maiti. Theseus alilaani kabla ya kuuliza. Hapo una kitu cha kulinganisha.

Sasa Lear, mfalme wa Shakespeare anayewagawia binti zake ufalme, na "uzee" wake. Anayesema ni udhaifu wa uzee ni bintiye Regan, mara tu baada ya kupokea theluthi yake ya ufalme, na hata yeye anaongeza kwamba baba hakuwahi kujijua vizuri. Mnamnukuu Regan kama daktari? Someni mistari ya mwanzo kabisa: wakuu wawili, Kent na Gloucester, wanaongelea mafungu ambayo tayari yamepimwa. Mashindano ya binti kumtangazia baba mapenzi yalikuwa sherehe tu. Kitenzi cha Lear ni kugawa, huku akijibakizia jina la mfalme na mashujaa 100. Binti zake wanapoanza kupunguza hesabu, yeye mwenyewe anaiingia: Goneril ameruhusu 50, Regan 25, basi mapenzi ya Goneril ni mara mbili. Muda si mrefu wanamuuliza kwa nini ahitaji hata mmoja. Akili yake bado inazidisha na kugawanya vizuri kabisa, tatizo ni kinachopimwa.

Mengine nayapitia haraka. "Oedipus alimtamani mama yake" ni mazungumzo ya Freud, baba wa uchambuzi wa nafsi. Ndani ya tamthilia, mama huyo, Jocasta, alikuja pamoja na kiti cha enzi, kama zawadi ya kutegua kitendawili cha zimwi Sphinx. "Tamthilia tatu za Thebes ni hadithi moja mfululizo": hapana. Antigone ni ya karibu mwaka 441 KK, na ile ya Oedipus kule Colonus ilichezwa 401 KK, Sophocles akiwa kaburini. Creon wa moja msimtumie kumweleza Creon wa nyingine.

Na dai la "tanzia ni ya wafalme" mwandishi wa tamthilia Mmarekani Arthur Miller alishalijibu mwaka 1949, jukwaani kupitia mchuuzi Willy Loman, na gazetini mwaka huohuo. Willy alijiua ili fedha za bima zimfikie mwanawe Biff. Kaburini, mkewe Linda anamwambia marehemu kwamba leo amemaliza kulipia nyumba, na nyumbani hakutakuwa na mtu.