Monet, kimono nyekundu na Japani ambayo hakuwahi kufika

Wapo wanaoamini Claude Monet, mchoraji Mfaransa, aliishi Japani, au angalau aliitembelea, ndiyo maana picha zake zimejaa madaraja ya upinde na mayungiyungi. Hakuwahi kukanyaga huko. Japani ilimfikia Ufaransa kwa njia ya karatasi: chapa za mbao (picha zilizochapwa kwa vibao vya kuchonga) za wasanii wa Kijapani Hokusai, Hiroshige na Utamaro, ambazo alizikusanya hadi zikapita 200 na kuzitundika nyumbani kwake katika kijiji cha Giverny.

Dhana ya pili inahusu picha aliyoionyesha Paris mwaka 1876, La Japonaise, yaani 'Mwanamke wa Kijapani'. Kwa jina hilo, watu hudhani aliyechorwa ni Mjapani. Ni Camille, mke wa Monet, mwenye nywele nyeusi, ambaye hapa amevishwa wigi la kimanjano. Wigi hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya, kwani linakuonyesha waziwazi kwamba huyu ni Mzungu aliyejivika mavazi ya watu. Kipepeo cha mkono cha kujipepea alichoshika kina buluu, nyeupe na nyekundu, yaani rangi za bendera ya Ufaransa. Kimono yenyewe, joho la Kijapani, ni nyekundu, nzito kwa tarizi, ya kupandia jukwaani zaidi kuliko ya kwendea sokoni. Tazama chini ya kiuno: samurai, askari wa kale wa Kijapani, aliyetariziwa, uso umekunjamana, mkono kwenye upanga. Kwa macho yangu ana uhai kuliko Camille mwenyewe. Wakati huo Paris ilikuwa imepagawa na vitu vya Kijapani, na picha hii naiona kama utani juu ya homa hiyo. Uzeeni Monet mwenyewe aliidharau.

Mwaka 2015 jumba la makumbusho la Boston, linalomiliki picha hiyo, liliwaalika wageni wavae nakala ya kimono hiyo na kupiga picha mbele yake. Waandamanaji wakaja, wakidai huko ni kuuchezea utamaduni wa wengine, jumba likabadili utaratibu: nguo ikawa ya kushikwa tu. Upande wa pili walisimama watu, wakiwemo Wajapani, walioona hakuna ubaya wowote. 

Tuje kwenye bustani ya Monet pale Giverny. Huitwa ya Kijapani, na daraja na mianzi vinashawishi. Ila daraja lenyewe Monet alilipaka kijani, si ule wekundu tunaouzoea kwenye picha za madaraja ya Japani. Bustani nyingi za kule hutegemea mawe, vimea vifupi vya kijani vinavyotanda ardhini na miti iliyopogolewa kwa subira, maua yakiwa machache. Yake imefurika maua. Hata mayungiyungi yake ya rangi yalitoka kwa mkulima Mfaransa, Latour-Marliac, aliyechanganya mbegu za Ulaya na za nchi nyingine. Bwawa la mayungiyungi hayo halikuota lenyewe pia. Mwaka 1893 Monet alinunua kiwanja ng'ambo ya reli, akaomba kibali cha kuchepusha maji ya kijito, na wanakijiji wakapinga wakihofia mimea ya kigeni ingewaharibia maji.

Wengine husema ukungu wa picha zake za mwisho ni mtoto wa jicho basi. Kuna ukweli hapo: madaraja aliyochora karibu na upasuaji wake wa 1923 yamegeuka mekundu na ya kahawia. Lakini kufikia 1908, miaka minne kabla madaktari hawajamwambia ana ugonjwa huo, alikuwa tayari ameshaondoa ukingo wa bwawa na upeo wa macho, akabakiza maji matupu yaliyokatwa ghafla na pembe za turubai. Ukataji huo umejaa kwenye chapa za Hiroshige, na hapo ndipo ninapoiona Japani ndani ya Monet, kuliko kwenye kimono au daraja.

Wajapani nao walimfuata. Kojiro Matsukata, tajiri wa meli, alinunua picha kadhaa kutoka mkononi mwake pale Giverny. Baadhi, yakiwemo mayungiyungi ya 1916, ziko leo kwenye Jumba la Taifa la Sanaa za Magharibi, Tokyo, lililofunguliwa 1959.