Si kweli kwamba mtoto mdogo akitengwa husahau

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya WhatsApp: mtoto wa chini ya miaka 5 akitengwa au kutishiwa kuachwa hadhuriki, atasahau, tena atakomaa. Si kweli.

Kinachowachanganya watu ni kumbukumbu. Wengi wetu hatukumbuki matukio ya kabla ya miaka 3, tukadhani hakuna kilichobaki. Lakini mtoto hujifunza mapema mno kama akilia kuna atakayekuja. Asipojiwa mara kwa mara, hujihami. Ukubwani rafiki akichelewa tu kupokea simu, anaweza kuona amedharauliwa, na kinyongo huweza kuanza hivyo. Nchini Romania, watafiti walifuatilia watoto 136 wa vituo vya malezi: waliopelekwa kwenye familia kabla ya miaka 2 waliweza kushikamana na walezi vizuri zaidi kuliko waliochelewa.

Si kila aliyetengwa huwa na kinyongo. Bibi au shangazi mmoja anayemjali husaidia sana.

Unataka kuhakiki? Mtazame huyo anayeitwa “amekomaa”: akiumia, humkimbilia nani? Muulize mwalimu wake au mhudumu wa kliniki. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.