Jotoardhi la kupasha nyumba: volkano sio lazima, kibali ni lazima

Tangu kampeni ya kuachana na maboila ya gesi na mafuta ianze, malalamiko tunayopokea sisi tunaotoa vibali vya kuchimba yanafanana sana: mtu kachimba shimo la mita 100, kapima kakuta digrii 12 tu, anaona kaliwa hela. Hujaliwa. Digrii 12 zinatosha kabisa, ndo kazi ya pampu ya joto hiyo.

Watu wakisikia jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi, akili inakimbilia volkano, mvuke na umeme. Umeme ni matumizi mojawapo tu, tena ukigeuza joto kuwa umeme sehemu kubwa inapotea, mitambo mingi inaambulia chini ya asilimia 20, wakati ukilitumia joto kama joto, la kupasha nyumba na maji ya kuoga, hasara yake ni ndogo sana. Iceland karibu nyumba 9 kati ya 10 zinapashwa hivyo, na maji ya moto ya Nesjavellir yanasafiri kwenye bomba kama kilomita 27 kufika Reykjavik yakiwa yamepoa digrii chache tu. Hapo naambiwa "wale wana volkano". Haya, Paris je? Kule chini ni mawe ya chokaa, mita 1500 mpaka 2000 kwenda chini, maji yake digrii 55 mpaka 85 hivi, na pale Melun, jirani na Paris, wanapasha nyumba nayo tangu 1969. Kisima kimoja kinatoa, kingine kinarudisha yaliyopoa. Maji yenyewe yana chumvi yanakula chuma, kwahiyo hayaingii kwenye rejeta za watu (vile vyuma vya ukutani vya kupashia vyumba), yanaachia joto lake kwenye mtambo wa kubadilishana joto alafu yanarudi zake chini.

Mwenye nyumba moja hahitaji kufika huko. Ukishapita mita 10 au 15 za juu, joto la ardhi halibadiliki sana, iwe kiangazi au msimu wa baridi. Pampu inafanya kama friji iliyogeuzwa, inavuta joto ardhini inalileta ndani, uniti 1 ya umeme unapata uniti 3 mpaka 4 za joto, ila sharti nyumba iwe imezibwa vizuri joto lisitoroke na maji ya mfumo yawe ya vuguvugu, digrii 35 hivi, mabomba ya sakafuni ndo yanaifaa zaidi. Ukiilazimisha isukume digrii 65 kwenye rejeta za zamani alafu unakuja kulalamikia bili, hapo jotoardhi halina kosa.

Sasa kibali, maana hapa ndo watu wanatukasirikia. Kabla mashine haijashuka eneoni lete ramani ya kiwanja, kina unachotaka, umbali hadi mpaka wa jirani na hadi visima vya maji, na maelezo ya miamba ya eneo hilo. Wakati wa kuchimba fundi anaandika kila tabaka analopita na mita alikokuta maji. Bomba la kuvutia joto likishashuka, shimo linajazwa zege laini kuanzia chini kuja juu, sio kumwagia kwa juu, alafu bomba linapimwa presha na ripoti inasainiwa. Ukiruka hatua, kazi inasimamishwa, mchimbaji anaweza kufungiwa leseni, shimo linazibwa kwa gharama yako na madhara ya jirani unayalipa wewe.

Mnaona ni urasimu, haya someni ya Staufen, Ujerumani. Mwaka 2007 walichimba mashimo 7 ya mita 140 hivi ili kupasha jengo la halmashauri. Yakapita kwenye tabaka la anhidraiti, aina ya madini, maji ya chini yenye presha yakapenya humo, anhidraiti ikinywa maji inageuka jasi na inavimba, mji ukaanza kuinuka taratibu na majengo zaidi ya 250 yakapasuka nyufa. Walikuwa na nia njema kabisa!

Na kuhusu jirani "anayekuibia joto": mashimo yakikaribiana chini ya mita 5 au 6 kweli yananyang'anyana, ndo maana tunauliza umbali. Yakiwa mbali zaidi ya hapo, kwa nyumba za kawaida athari ni ndogo, tafadhali msituletee kesi. Kinachotuchelewesha zaidi ni fomu zinazokuja bila ramani ya kiwanja, hizo zinarudi zilikotoka.