Kilishio cha Ayala kwa Bomba la PVC: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Wengi wetu ayala, yule Waingereza wanayemwita deer, tulikutana naye kwanza kwenye Zaburi ya 42, akiiona shauku mito ya maji. Ukihamia Marekani ukapata nyumba yenye uwanja nyuma, iko asubuhi utafungua pazia umkute amesimama pale, anatafuna maua uliyopanda wiki iliyopita. Ikija theluji huruma inakushika, na hakosi jirani wa kukuonyesha namna ya kumtengenezea kilishio, yaani bomba la kumwekea mahindi. Bomba lake halina neno. Maneno yanayokuja na bomba ndiyo ya kuchuja.

“Si swala tu huyo?” Siye. Swala pembe zake ni za kufa nazo. Ayala dume hudondosha zake kila mwaka na kuota nyingine. Ila wote wawili hucheua, na hilo likumbuke, tutalirudia.

“Kilishio kinataka fundi.” Hata kidogo. Chukua bomba la PVC la inchi 4, urefu futi 5 hivi, chini utie kona ya nyuzi 45, juu kifuniko cha kuzuia mvua, kisha ulifunge kwenye mti kwa mikanda miwili. Mdomo uwe usawa wa kiuno chako. Toboa vitundu kwenye kona maji yatoke, maana mahindi yakilowa huvimba na kuziba mdomo kama ugali uliosahauliwa sufuriani. Linaingia kilo 8 au 9, na kadiri ya chini yanavyoliwa, ya juu yanashuka yenyewe.

“Wakati wa baridi mpe mahindi ashibe.” Hapa ndipo huruma inapoua. Majira hayo ayala huishi kwa vijiti na machipukizi, na kwa kuwa hucheua, vijidudu vya tumboni mwake vimeshajipanga kuyeyusha chakula kigumu cha namna hiyo. Ukimmwagia mahindi ghafla, wanga unachachuka, asidi inajaa tumboni, na vile vijidudu vya kawaida vinakufa. Baada ya siku moja hadi tatu unaweza kumkuta amelala chini, tumbo limejaa, amekufa. Anayeona hudhani ni njaa. Tumbo lake huhitaji wiki mbili au zaidi kuzoea chakula kipya, na theluji haisubiri. Ukitaka kumsaidia kweli, kata matawi ya miti anayoila mwenyewe, uyaache chini.

“Mahindi yaliyoota ukungu yanamfaa mnyama.” Mkenya aliyekuwepo mwaka 2004, watu 125 walipokufa kwa sumukuvu, sumu ya mahindi yenye ukungu, wengi wao Makueni na Kitui, hahitaji kuelezwa zaidi. Sumu hiyo haichagui tumbo. Na mabaki yanayodondoka chini ya bomba huokotwa na ndege, nao huathirika haraka.

“Bomba ni safi kuliko kumwaga chini.” Safi kwa mahindi, si kwa ayala. Mdomo mmoja, ndimi kumi, mate yaleyale. Kuna ugonjwa wa kudhoofika uitwao CWD, uliotambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Mnyama hukonda, hudondosha mate, hutembea kama aliyepotea, na hakuna anayepona. Dawa hakuna wala chanjo. Hausababishwi na bakteria wala virusi, bali na prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya. Hupita kwenye mate, mkojo na kinyesi, hukaa kwenye udongo kwa miaka, na kuchemsha nyama hakuuondoi. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata, lakini mamlaka za afya zinashauri nyama ya ayala aliyepimwa akakutwa nao isiliwe. Mimi kwa hili peke yake ningeliacha bomba dukani.

“Uwanja ni wangu, nitalisha nitakavyo.” Uwanja wako, ayala si wako. Colorado na New York zimekataza kumlisha. Texas inaruhusu, na huko vilishio ni vingi. Piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla hujanunua chochote.

Na kama bomba umeshalikata ndipo ukasikia marufuku, usilitupe. Lifupishe, ushushe mdomo hadi usawa wa kifua cha kuku, utie pumba. Wafugaji wengi wa kuku wanatumia kilishio hichohicho.