Je, wajua kwa nini, mpinzani wake alipokufa, shujaa wa manga moja (katuni za Kijapani) alishindwa kurusha ngumi?

Tarehe 24 Machi 1970 watu takriban 700 walifika Kodansha, kampuni ya uchapishaji ya Tokyo, kumuaga bondia aliyeitwa Rikiishi Toru. Marehemu hakuwahi kuishi. Alikuwa mhusika wa Ashita no Joe, manga ya ndondi iliyoandikwa na Takamori Asao na kuchorwa na Chiba Tetsuya, ikatoka kila wiki katika jarida la Shonen Magazine kuanzia 1968 hadi 1973. Aliyeandaa msiba huo ni Terayama Shuji, mshairi na mwandishi wa tamthilia. Na aliyekuwa akililiwa si shujaa wa hadithi bali hasimu wake.

Kilichowaliza ni jinsi uhasama ule ulivyojengwa. Joe, kijana yatima asiye na kwao, anakutana na Rikiishi katika jela ya watoto, na Rikiishi ndiye mtu wa kwanza anayemsimamisha kwa ngumi. Tangu hapo Joe ana kipimo. Mpinzani mzuri kwenye manga hufanya kazi hiyo: anamwonyesha shujaa mwisho wa uwezo wake, na anamwonyesha kwa mwili. Kuambiwa tu hakutoshi.

Hapo kukazuka tatizo la mchoro. Chiba alikuwa amemchora Rikiishi mkubwa mno kuliko Joe, na mabondia wa uzani tofauti hawapambani. Ukomo wa uzani wa bantam, uzani wa Joe, ni takriban kilo 53.5, wa welter, alikotokea Rikiishi, ni takriban kilo 66.7. Mmoja lazima ashuke, na anayeshuka ni yule mkubwa, kwa hiari yake. Anajinyima chakula, kisha maji. Usiku mmoja kiu inamshinda, anatoka kuyasaka, anakuta mabomba yote yamefungwa kwa waya. Yoko, binti wa familia inayomdhamini, anamletea kikombe cha maji ya uvuguvugu. Rikiishi anamshukuru, kisha anayamwaga. Kurasa zile ndizo zinazoifanya hadithi nzima kuwa na uzito: tunaona bei ambayo mtu yuko tayari kulipa ili tu asimame ulingoni na mtu fulani.

Anashinda pambano kwa kumwangusha Joe, kisha anaanguka mwenyewe na kufa. Mwili umekwisha, na katikati ya pambano ngumi ya Joe ilikuwa imempata kwenye panja, kando ya jicho.

Waandishi wengi hukosea hapa. Humfanya shujaa alie katika sura moja ya hadithi, akunje ngumi, arudi akiwa na nguvu maradufu. Msiba unageuka mafuta ya gari, na msomaji anahisi amedanganywa, kwa sababu huzuni haimpi mtu nguvu wiki inayofuata. Takamori na Chiba walienda kinyume: walimnyang'anya Joe kitu. Hawezi tena kumpiga mtu kichwani. Akijaribu, anatapika ulingoni. Wapinzani wakigundua, wanamgeuza gunia la mazoezi, na anaporomoka hadi kwenye ndondi za kuzungukazunguka vijijini. Mabadiliko ya mhusika yanaonekana kwenye mkono wake.

Anayemrudisha ni mpinzani mwingine, Carlos Rivera wa Venezuela. Halafu anakuja Kim Yong-bi wa Korea, na hapo ndipo hadithi inaporudi kaburini. Utotoni, wakati wa vita, Kim alimuua askari kwa ajili ya chakula, akagundua ni baba yake aliyekuwa akimletea yeye chakula hicho. Tangu siku hiyo hawezi kula vizuri, na kupunguza uzito kwake si kazi. Joe anakaribia kushindwa na simulizi hilo kabla ya kushindwa na ngumi, mpaka anapomkumbuka Rikiishi. Kim alinyimwa chakula na vita. Rikiishi alikikataa mwenyewe. Joe anainuka.

Naruto, manga ya Kishimoto Masashi (1999–2014), inapita njia nyingine: Naruto na hasimu wake Sasuke wote ni yatima, na kwa muda msomaji anadhani jambo hilo litawaunganisha. Ila Naruto alifiwa siku aliyozaliwa. Sasuke alizijua sura za wazazi wake kabla kaka yake hajawaua. Ndiyo maana Sasuke anamwambia kwamba asiyekuwa na kitu tangu mwanzo hawezi kuelewa. Msiba unaofanana kwa jina tu hutenganisha. Hadi pambano la mwisho, ambapo kila mmoja anapoteza mkono, ndipo wanapokuwa na jeraha moja.

Joe hapati hata hilo, kwa kuwa mpinzani wake yuko ardhini. Anampata Yoko, aliyeona yale maji yakimwagwa. Baada ya pambano lake la mwisho na bingwa wa dunia, José Mendoza, Joe anavua glavu na kumkabidhi yeye, kisha anabaki kwenye kiti chake cha pembeni.