Umri wa Mgonjwa Wako: Maswali na Majibu kwa Wahudumu wa Dharura

Nikifika kwenye tukio nina mambo chungu nzima. Kwa nini nianze kuulizia umri?

Kwa sababu bila umri, vipimo vyako havina maana. Umehesabu mapigo ya moyo ukapata 140 kwa dakika. Kwa kichanga wa wiki 2 aliyelala ubavuni mwa mama yake, hiyo ni afya. Kwa dereva wa bodaboda wa miaka 30 aliyegongwa kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, amelala kimya pembeni mwa lami, hiyo huenda ni damu inayovuja mahali usipopaona. Mzee wa miaka 75 naye anaweza kuvuja vilevile, mapigo yakabaki 80.

Basi nishike nambari zipi kichwani?

Chache tu. Kichanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, moyo ukipiga 100 hadi 160. Mtoto wa miaka 5 hupumua kama mara 20 hadi 25, mapigo 80 hadi 120. Kuanzia ujanani pumzi ni 12 hadi 20, mapigo 60 hadi 100. Wahudumu wa VHT (timu za afya za vijiji) wana kipimo chao cha pumzi za haraka kwa mtoto mwenye kikohozi, nacho ni kizuri hata kwako: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi mwaka, 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5.

Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa nne, na kwa kichanga hapo ndipo wanapokosea: pumzi zake haziendi sawasawa, huweza kusimama sekunde 5 hadi 10 kisha zikaendelea, na hilo ni la kawaida. Zikisimama zaidi ya sekunde 20, au akibadilika rangi, hiyo ni dharura. Rangi itafute ndani ya midomo, kwenye ulimi, viganja na nyayo. Mtazame tumbo, si kifua, kwa kuwa mtoto mdogo hupumulia tumbo. Na mhesabu akiwa ametulia. Pumzi za mtoto anayelia hazikuambii kitu.

Nimemlaza mtoto chali vizuri kabisa, mbona anakoroma?

Huenda umemlaza kama mtu mzima. Kichwa cha kichanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na kisogo kimechomoza nyuma. Ukimlaza kwenye ubao au kitanda kilicho bapa, kisogo kinausukuma uso mbele, kidevu kinaangukia kifua, na njia ya hewa inajipinda kama mpira wa maji uliokunjwa. Kunja leso hadi iwe nene kama sentimita 2 au 3, iweke chini ya mabega (mabega, si shingo wala kichwa), kisha uso utazame dari moja kwa moja. Usivutwe na mazoea ya watu wazima ukakirudisha kichwa nyuma sana: koromeo lake la hewa ni laini, nalo likivutwa hujibana.

Vidole vyako viwe kwenye mfupa wa taya. Ukibonyeza nyama laini chini ya kidevu unausukuma ulimi juu, na ulimi wake tayari umejaa mdomoni. Halafu angalia pua. Katika miezi ya kwanza mtoto hupumulia pua zaidi kuliko mdomo, hivyo kamasi tu huweza kumtesa kama nimonia. Mfute kabla ya kutafuta makubwa.

Watoto hupaliwa zaidi wakiwa na umri gani?

Tangu anapoanza kukaa na kushika vitu, kama miezi 6, hadi miaka 3 au 4. Kila kitu kinapitia mdomoni, na magego ya kusaga bado hayajatimia. Kwetu wahusika wakuu ni karanga, maharage, punje za mahindi na mbegu za fenesi.

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kikohozi kikiwa hakina sauti, aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kati ya mabega. Mgeuze, umsukume mara 5 katikati ya mfupa wa kifua. Rudia. Tumbo lake usilibane kamwe, kwa sababu ini lake ni kubwa na limechungulia chini ya mbavu, linaweza kupasuka. Aliyepita mwaka mpige mgongoni mara 5, kisha mbane tumbo juu ya kitovu mara 5. Usichokore koo kwa kidole bila kuona kitu. Karanga itashuka zaidi. Akizimia, anza kubonyeza kifua: mara 30 kwa pumzi 2 ukiwa peke yako, 15 kwa 2 mkiwa wawili, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Kina ni sentimita 4 kwa wa chini ya mwaka, 5 kwa mkubwa zaidi.

Mtoto alikuwa na presha nzuri njiani, tukifika hospitalini akazimika. Tulikosea wapi?

Mliiamini presha. Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo. Kichanga wa kilo 3 ana mililita 240: chupa ya soda ya mililita 300 haijai. Mtoto wa kilo 10 ana 800 tu. Akivuja, mwili wake hubana mishipa kwa nguvu na moyo hukimbia, hivyo presha husimama mahali pake hadi robo au hata theluthi ya damu imekwisha kutoka. Baada ya hapo huanguka kwa ghafla. Presha ikishuka kwa mtoto, umechelewa.

Tafuta dalili za mapema. Mikono na miguu ni baridi huku tumbo lina joto? Bonyeza ukucha au mfupa wa kifua kwa sekunde 5, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2, na ikipita 3 ana shida. Aliye chini ya mwaka pima mapigo upande wa ndani wa mkono wa juu, kwani shingo yake ni fupi na ina mafuta. Papasa utosi pia (ule wa mbele hufunga kati ya miezi 9 na 18): ukibonyea, amepungukiwa maji, ukivimba akiwa ametulia, fikiria homa ya uti wa mgongo au jeraha la kichwa. Na mapigo yakishuka chini ya 60 kwa mtoto aliyelegea, usishukuru kwamba ametulia. Amekosa oksijeni. Mpulizie hewa, na yasipopanda anza kubonyeza kifua.

Onyo moja kuhusu dripu. Mtoto mwenye homa kali na mikono baridi, asiyeharisha wala kuvuja damu, usimmiminie maji ya haraka kwa mazoea. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 na kuchapishwa 2011, ulionyesha kwamba waliomiminiwa walifariki zaidi ndani ya saa 48: kama 10.5 kwa kila 100, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa.

Mtoto hataki kuguswa. Nifanyeje?

Kuanzia kama miezi 8 anaogopa wageni, kwa hiyo mpime akiwa mapajani mwa mama, ukianzia miguuni na kumalizia kichwani. Wa miaka 4 huamini kwamba kuumia ni adhabu. Mwambie waziwazi kwamba hajakosea. Kijana wa miaka 15 mtenge na wazazi kidogo kabla ya kumuuliza mambo ya mimba, pombe au vidonge alivyomeza, la sivyo utajibiwa "hapana" kwa yote.

Na mama mjamzito?

Baada ya wiki 20 usimlaze chali. Mfuko wa uzazi hulalia mshipa mkubwa na kukata damu inayorudi moyoni. Mlaze ubavu wa kushoto. Akiwa kwenye ubao, inua upande wa kulia wa ubao wote. Kufikia mwisho wa mimba damu yake imeongezeka karibu nusu, kwa hiyo huweza kupoteza nyingi kabla hajaonyesha chochote.

Mzee ameanguka, anaongea ovyo. Familia inasema ni uzee tu.

Uzee haumfiki mtu kwa siku moja. Uliza: jana alikuwa hivi? Ikiwa hapana, pima sukari kwanza, kisha fikiria maambukizi (mzee huweza kuwa na nimonia bila homa), kiharusi na damu kichwani. Ubongo wake umenywea kidogo, mishipa inayouunganisha na fuvu imenyooka, na anguko dogo huweza kuipasua ikavuja polepole kwa siku au wiki. Kwa hiyo ulizia hata anguko la mwezi uliopita.

Presha ikiwa 110 (ile nambari ya juu) huonekana nzuri, ila kwa mwenye kawaida ya 160 huo huenda ni mshtuko, yaani mwili haupati damu ya kutosha. Vidonge vingine vya presha huzuia moyo kwenda mbio hata akivuja. Mshtuko wa moyo nao huweza kuja bila maumivu ya kifua, ukajionyesha kwa uchovu wa ghafla, jasho au kuhema.

Mgongo wake ukiwa umepinda, usimnyooshe kwa nguvu kwenye ubao. Jaza nafasi chini ya kichwa kwa blanketi. Meno ya bandia yakiwa imara yaache, barakoa ya hewa itakaa vizuri. Usimvute kwa mikono, ngozi yake huchanika kama karatasi. Na kabla hamjaondoka, mwombe mtoto au mjukuu wake akuletee vidonge vyote vya nyumbani kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), hata vile vilivyotolewa kwenye paketi, pamoja na dawa za miti shamba.